Mayai ya Papa kwenye Dema la Shemeji

Dema lilipotokeza juu ya maji, Crisanta Arce hakushangaa, na hilo ndilo lililokuja kumsumbua baadaye. Alikuwa amekaza kamba ubavuni mwa boti ya doria, na Nabor Villavicencio, mkuu wa doria, ameinama mbele na ndoana ya kuopolea mkononi. Kibati cha namba kilipogeukia jua, kabla hata hajakisoma, moyo wake ulikuwa umeshamtaja mwenyewe.

"Arobaini na moja," Nabor alisema taratibu. "Unamjua mwenye namba hii?"

"Unajua kwamba namjua."

"Nataka umtaje wewe. Kesho mtu asije akasema nimemzulia mimi."

"Ya Eleazar Mayoral. Mume wa mdogo wangu."

Nabor alitikisa kichwa, akatema mate baharini.

Bahari ilikuwa bado imefungwa. Tangu Februari hakuna mtu wa kijiji cha Punta Sorda aliyeruhusiwa kutia dema majini, maana majira hayo kambakoche majike hubeba mayai chini ya mikia, na ushirika mzima wa wavuvi uliishi kwa kambakoche hao. Ilibaki wiki moja tu ifunguliwe. Na hapa palikuwa na dema la waya lisilo na boya, limefichika ndani ya mwani mkubwa unaoota kule kama msitu, na ndani yake kambakoche wawili walionona wakipiga mikia. Mwizi hafungi boya, kwa kuwa boya huonekana. Hukariri mahali pake kwa kulinganisha kilele cha mlima na ncha ya mwamba, kisha huja kulinasa kwa ndoana. Kila mtu wa doria alijua hivyo.

"Tusilifungue," Nabor alisema. "Tutalining'iniza gatini, ndani ya maji, hivi hivi na wanyama wake, mpaka mkutano wa Jumapili. Watu walione lenyewe."

Crisanta alikubali. Walipokuwa wakilifunga ubavuni, kiganja chake kiligusa kitu kama ngozi ya kiatu iliyolowa. Vilikuwa vifuko vya mayai ya papa, vya rangi ya asali, vimeng'ang'ania waya kwa nyuzi zao. Utotoni yeye na mdogo wake Ramira walikuwa wakiviokota vikavu ufukweni na kuvifanya mikoba ya wanasesere. Hakuvitilia maanani. Alikuwa anafikiria atamwangaliaje Ramira usoni.

Shaka yake kwa shemeji haikuanza siku hiyo. Ilianza Juni, alipoona mashine mpya imefungwa nyuma ya boti ya Eleazar, nyeusi, inang'aa, wakati wanaume wengine kijijini wakiendelea kufunga mashine zao kwa waya na sala. Alimuuliza Ramira ni ya nani. "Ya mtu," Ramira alisema, akahamia kwenye habari za lori la maji ambalo lilikuwa halijafika. Kisha Eleazar akawa anatoka na boti hiyo alasiri, anazunguka nyuma ya rasi, anarudi mikono mitupu. Nani anachoma petroli bure? Halafu Ramira akaanza kufunga mlango kwa komeo. Punta Sorda watu hawafungi milango mchana, upepo ndio unaoifunga. Crisanta akibisha, anasikia vitu vinaburutwa ndani kabla hajafunguliwa, na akiingia anakuta chumba cha nyuma kimezibwa na pazia ambalo zamani halikuwepo.

Crisanta alikuwa mjane. Nafasi yake ushirikani aliirithi kwa marehemu mumewe, na wanaume walimweka kwenye doria kwa sababu, walisema, ana macho. Kweli alikuwa nayo. Aliona boti iliyokaa chini kuliko kawaida, aliona kiatu kilicholowa cha mtu aliyedai hakutoka nyumbani. Ubaya wake ni kwamba hakujua kuyafumba akifika kwa nduguze.

Alipofika kwa mdogo wake siku hiyo, Eleazar alikuwa mezani, anachota maharage kwa kipande cha tortilla, mkate mwembamba wa mahindi. Habari ilikuwa imeshatangulia.

"Karibu shemeji. Au umekuja na pingu?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Maharage yanapoa, lakini uliza."

"Dema lako limefikaje kwenye mwani wa Mwamba Mweupe?"

"Dhoruba ya Novemba ilikata kamba za maboya, ikanichukulia madema, mojawapo hilo. Kumbe lilikwenda kujipumzisha Mwamba Mweupe. Ningejua ningelifuata kabla hamjalifuata nyinyi."

"Ulitoa taarifa?"

"Kwa mdomo wangu. Nilimwambia Nabor pale kwenye pampu ya mafuta, akasema sawa."

"Nilimuuliza Nabor njiani, anasema hakumbuki taarifa yoyote."

"Nabor ana mpwa anayesubiri nafasi ushirikani," Eleazar alisema, akapangusa sahani. "Ningekuwa mimi, nisingekumbuka vilevile."

Ramira alikuwa jikoni amewapa mgongo. Alisema bila kugeuka, "Dada, kahawa ipo kama umekuja kunywa kahawa. Kama umekuja kupekua, sema wazi, nikufunulie mpaka chini ya godoro."

"Nifunulie nyuma ya pazia."

Kijiko kilisimama ndani ya sufuria.

"Huko hapana," Ramira alisema.

Eleazar alicheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko kilivyohitajika. Crisanta aliwatazama wote wawili, mmoja anacheka na mwingine amekaza mabega, akasema moyoni mwake, basi, ndiyo hivyo. Alitoka bila kuonja kahawa, na nyuma yake akasikia komeo likiteleza.

Siku zilizofuata kijiji kizima kilikuwa kimeshahukumu. Dukani kwa Obdulia, alipokwenda kununua unga, mwanamke mmoja aliinua kichwa kwenye viazi akasema, "Crisanta, utuwekee na sisi mkia mmoja. Kwenu haiadimiki." Wengine wakacheka kwa pua. Obdulia mwenyewe alimpimia unga bila kumtazama, jambo ambalo lilimuuma kuliko mzaha. Kwa jinsi walivyoona, kama shemeji anakula, dada mtu anajua, na kama anajua na yuko doria, basi doria nayo inakula.

Nabor alimfuata mpaka nyumbani. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi, ukungu wa baharini ukipita nyuma yake.

"Jumapili usimtetee," alisema. "Ukimtetea watasema mlikuwa wote. Kaa kimya tu, mambo yatajisema yenyewe."

"Sikuwa na nia ya kumtetea."

"Vizuri. Maana atapoteza msimu mzima, na wapo wanaosema atolewe kabisa. Itakuwa chungu, lakini ushirika ni ushirika."

"Na akitolewa, nafasi yake inakwenda kwa nani?"

Nabor aliivaa kofia yake. "Kwa anayefuata kwenye foleni, kama kawaida."

Anayefuata alikuwa Gildardo, mpwa wake. Crisanta alipopita nyuma ya nyumba yao jioni ile, alimwona kijana huyo anasuka madema kwa waya mpya. Mtu asiye na nafasi anasuka madema ya nini? Alisimama pale barabarani kwenye vumbi, shaka zikimvuta huku na huku. Eleazar alikuwa na la kuficha, hilo aliliona kwa macho yake. Lakini Nabor naye alikuwa na haraka. Na ndoana ile kubwa, baharini kote, iliangukaje juu ya dema hilo hilo?

Zamu yake ya kulinda dema iliangukia Jumamosi asubuhi. Alikaa kwenye kingo za gati na chupa ya kahawa, na ukungu ulipoondoka akaona afadhali alivute dema juu kidogo ahakikishe kambakoche wako hai. Walikuwa hai. Walimtazama kwa vijicho vyao vya pini na kurudi nyuma. Jua lilikuwa limeangukia ubavu wa dema, na kifuko kimoja cha mayai, kilichokuwa kati yake na jua, kiliwaka kama taa yenye kioo cha njano. Ndani yake kitu kilijinyonganyonga.

Crisanta alisogeza uso. Kilikuwa kidogo kama uzi wa kushonea, kimeshikamana na kiini cha yai, kinapepesa mkia bila kupumzika. Aligeuza dema. Kifuko cha pili kilikuwa na kiini kitupu, mviringo safi, hakijaanza kitu. Cha tatu, upande wa chini, kilikuwa kimejaa. Humo alijikunja papa mzima, mwenye mabaka na macho, amezunguka kiini kilichobaki kama njegere, na mashavu yake yanapanda na kushuka. Alikuwa mtoto wa papa yule wa mawe ambaye wavuvi humwita kibofu, kwa kuwa akishikwa humeza maji akavimba mpaka hatoki mwambani.

Alikaa akivitazama kwa muda. Hakuwa mtaalamu, lakini alikuwa amezaa na amefuga kuku. Mayai ya siku moja hayatofautiani hivi.

Alimwita Yadira Mendívil, mtaalamu wa samaki aliyeajiriwa na ushirika kutoka mji wa La Paz, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho wa gati. Yadira alikuja na mswaki mdomoni, akapiga magoti, na baada ya muda mfupi akautoa mswaki.

"Nani mwingine ameviona hivi?"

"Wameviona wote. Hakuna aliyevitazama. Niambie, huchukua muda gani mpaka kitoto kitoke?"

"Kwa maji yetu haya ya baridi? Miezi tisa, kumi, wakati mwingine mwaka. Maji yakipata joto, kidogo chini ya hapo. Jike hutaga mawili mawili, moja kila upande wa tumbo, halafu hupumzika, halafu anarudi. Na hata dume si lazima awepo. Wapo wa ukoo huu ambao jike huhifadhi mbegu ya dume ndani yake muda mrefu, akaitumia kidogo kidogo."

"Kwa hiyo baba anaweza kuwa ameshakwenda zake zamani."

"Anaweza kuwa ameshaliwa."

Crisanta alikaribia kucheka, lakini akajizuia. "Kwa hiyo dema hili lina muda majini."

"Lina muda. Ila hilo peke yake halimsaidii shemeji yako. Mwizi naye huacha dema majini muda mrefu, anakuja, analifungua, anachukua, analirudisha."

"Ndivyo nilivyofikiri mimi pia."

"Nilijua ungefikiri hivyo," Yadira alisema, bila ubaya. Kisha akaliinamisha dema upande wake wa juu, kwenye mlango. "Hebu njoo hapa."

Juu ya mlango kulikuwa na kifuko cha nne. Kilikuwa kimefifia, cheusi kidogo, na ncha yake moja imepasuka na kuachama kama pochi iliyosahauliwa wazi. Kilikuwa kitupu. Mtoto wake alikuwa ameshatoka. Kilikaa nusu juu ya mlango, nusu juu ya fremu, na nyuzi zake ndefu zilikuwa zimezunguka waya wa mlango, zikapita kwenye waya wa fremu, zikarudi, zikajisokota, mara nyingi mno. Juu ya nyuzi hizo na juu ya bawaba kulikuwa kumeota ganda jeupe la vijidudu vya baharini na kipande cha sifongo chekundu, kitu kimoja, bila mkatiko.

"Jike akitaga," Yadira alisema, "nyuzi zinatoka laini. Yeye anazunguka mahali, anazunguka tena, mpaka zishike. Baadaye zinakuwa ngumu. Huyu alipotaga, mlango ulikuwa umefungwa, naye akaufunga mara ya pili."

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo mlango huu haujafunguliwa. Kambakoche huingia kwa tundu la ubavuni, wasijue kutoka; mlango ni wa mvuvi."

Crisanta alihesabu kimoyomoyo kurudi nyuma mpaka Novemba. Kisha akafanya alilozoea kufanya. "Mtu hawezi kuviokota mwanini, akavisokota hapa kwa mkono wake?"

"Jaribu kukitoa."

Alijaribu. Alitia kucha chini ya uzi, akavuta, na kucha ndiyo iliyovunjika. Alivuta tena kwa nguvu zaidi, na alipokuwa anavuta aligundua kwamba alitaka kitoke. Alitaka kiwe cha uongo. Aliacha. Badala ya kufurahi kwa ajili ya mdogo wake, alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake, na hakupenda kujua ni kitu gani.

"Usimwambie mtu," alimwambia Yadira. "Mpaka kesho."

"Hata Nabor?"

"Hasa Nabor."

Gildardo alikuja kupokea zamu saa ya chakula, anatafuna mbegu za maboga. Crisanta hakuinuka.

"Nenda kapumzike. Nitakaa mimi."

"Ni zamu yangu, mama."

"Nimeshakaa, makalio yameshazoea. Nenda."

Kijana alimtazama, akatazama kamba. "Kwani unaniogopa?"

"Namwogopa pweza. Akiingia humo atawamaliza wale wawili, halafu ushahidi uende tumboni mwake."

"Kuna pweza gani hapa gatini?"

"Ndiyo maana nimekaa, nimwone."

Gildardo aliinua mabega, akaenda zake. Crisanta hakujua kama kijana huyo alikuwa na nia mbaya au alikuwa kijana tu anayetafuna mbegu. Alikaa. Yadira alimletea burito, maharage yaliyoviringwa ndani ya tortilla, akaketi pembeni yake, na zamu zilizofuata wakazishika wao wawili mpaka Jumapili kulipokucha.

Mkutano ulifanyika palepale gatini, maana kila mtu alitaka kuliona dema. Eleazar alisimama mbele amevaa shati la harusini, Ramira kando yake, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine. Nabor alisimulia vizuri. Hakuongeza chumvi. Alitaja mwamba, mwani, namba, kambakoche wawili, na kukosekana kwa boya, akamaliza kwa kusema kwamba hana kinyongo na mtu. Watu waliguna.

Crisanta aliomba kusema. Alisikia mtu nyuma yake akinong'ona, "Haya, dada mtu huyo." Aliomba dema livutwe, akaonyesha kifuko kimoja baada ya kingine dhidi ya jua, kile chenye kiini kitupu, kile cha uzi, kile chenye mtoto aliyekamilika. Wazee walisogea. Kisha akaonyesha kile kilichopasuka, juu ya mlango, na akasema maneno machache tu. Huyu papa alitaga karibu na ile dhoruba ya Novemba, na tangu siku hiyo mlango haujafunguliwa. Mwizi asiyefungua mlango anaiba nini?

Kisha Nabor akasema, kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka mwisho wa gati, "Nani alikuwa na dema hili tangu jana asubuhi?"

Watu walitazamana, naye akaendelea.

"Nauliza tu. Gildardo alikuja kwenye zamu yake akafukuzwa. Shemeji wa mtuhumiwa alikaa na dema mchana kutwa, yeye na mtaalamu. Leo mlango una nyuzi. Mimi siku ile sikuona nyuzi mlangoni."

Macho yote yalihama. Crisanta aliyahisi yakitua juu yake, mazito, moja moja, na alijua kila moja lilikuwa linafikiri nini, kwa kuwa yeye mwenyewe angefikiri hivyohivyo. Akatazama mikono yake, ukucha uliovunjika.

"Basi ufungue," alisema.

"Nini?"

"Ufungue wewe mlango. Kama nimeufunga jana, utafunguka. Mimi sina nguvu za kumshinda mwanaume."

Nabor alishuka. Alikunja mikono ya shati, akashika mlango, akavuta kama mtu anayefungua friji. Haukuja. Alivuta tena. Akaweka mguu juu ya fremu, akavuta kwa mgongo, dema zima likanyanyuka naye, kambakoche wakarushwa kona moja, na mlango ukabaki palepale. Mtu alicheka akanyamazishwa. Nabor alipiga goti. Alipitisha kidole gumba juu ya ganda jeupe, akaufuata uzi mmoja ulipoingia chini ya sifongo, ukatokeza upande wa pili, ukapotea tena ndani ya ganda. Alikaa hapo muda mrefu kwa mtu wa makamo kama yeye na magoti yake. Alikuwa amevua kwa madema maisha yake yote, na alijua kitu kilichoota baharini kinavyokuwa.

Aliinuka, akajifuta mikono.

"Hakuna mtu anayeweza kuotesha hii kwa siku moja," alisema. Kisha akamgeukia Eleazar, si kwa furaha. "Novemba pale pampuni, labda uliniambia. Upepo ulikuwa mkali."

"Nilikuambia," Eleazar alisema.

"Basi uliniambia."

Walipiga kura ya kumsafisha Eleazar kwa mikono, na hakuna mkono uliobaki chini isipokuwa wa mzee mmoja aliyekuwa amelala. Yadira alikata waya ubavuni, mbali na vifuko, kambakoche wakatoka kinyumenyume wakazama. Dema alilirudisha majini chini ya ofisi yake mpaka watoto wa papa wamalize kutoka. Watu walimpigapiga Eleazar mgongoni, walewale waliokuwa wakicheka kwa pua dukani. Obdulia alimwambia Crisanta apitie baadaye kuchukua unga.

Crisanta hakupita dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, na safari hii hakusikia vitu vikiburutwa. Ramira alifungua, akamwangalia, akaenda mpaka chumba cha nyuma akalivuta pazia lote.

Kulikuwa na maboksi yaliyofungwa kwa kamba, magodoro yaliyoviringishwa, picha za ukutani zimefungwa ndani ya mashuka.

"Tunahama," Ramira alisema. "Tunakwenda Ensenada. Boti ameinunua binamu yake Eleazar wa Guerrero Negro, na mashine ni yake. Aliileta mapema ifungwe ijaribiwe. Eleazar alikuwa anaitembeza kule nyuma ya rasi ilainike."

"Tangu Juni?"

"Tangu Aprili tulikuwa tumeshaamua."

Crisanta alikaa juu ya boksi. "Aprili. Na mimi dada yako."

"Ningekuambia ungeanza," Ramira alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Huyo binamu ni mtu wa aina gani, nyumba ya kupanga ina kasoro gani, kazi ya kiwandani nani kakuahidi na anataka nini kwako. Ungeuliza mpaka niogope. Nilitaka niondoke kabla sijaogopa."

"Na nafasi ya Eleazar ushirikani?"

"Anairudisha. Gildardo ataichukua. Mjomba wake angesubiri wiki mbili tu, asingehitaji kusahau kitu."

Eleazar aliingia akiwa na shati la harusini bado, akaweka mikono kwenye fremu ya mlango.

"Shemeji, nakushukuru kwa leo," alisema. "Sitasema sikushukuru. Ila Nabor alinisimulia. Siku ile alipokuuliza namba ni ya nani, ulijibu, ukanyamaza. Hukusema hata 'labda'."

"Sikusema."

"Basi." Alianza kufungua vifungo vya shati. "Nilitaka tu ujue kwamba najua. Sasa nisaidie kusogeza hilo kabati, uko karibu nalo."

Alimsaidia. Walisogeza kabati, na kitanda, na pipa la maji, bila kusema mengi. Siku ya kuondoka alikuwepo alfajiri, akapakia pamoja nao kwenye pikapu ya kukodi, anapokea vitu kwa Ramira mlangoni na kumpa Eleazar juu. Ramira alilia kidogo, akapangusa macho kwa kitambaa cha jikoni, akamwambia aje Krismasi. Crisanta alisema atakuja. Alikuwa anamaanisha.

Boksi la mwisho halikuwa limefungwa vizuri. Alipolipokea, kifuniko kiliinuka, na chini ya taulo akaliona bamba la chuma la kuchomea tortilla la marehemu mama yao, lenye mpini uliopinda. Ramira alikuwa amemwambia, miaka mingi nyuma, kwamba lilipotea walipohamisha jiko.

Alilitazama. Ramira alikuwa anafunga mlango wa nyumba na hakugeuka. Crisanta alikunja kifuniko, akalikaza boksi kwa kamba, mafundo mawili, akamkabidhi Eleazar.

"Hili zito," Eleazar alisema. "Lina nini?"

"Vyombo," Crisanta alisema. "Liweke pembeni lisigongwe."